Smethwick: Kiti Kisicho na Mwenyewe

Alfred Dobbs alikuwa mbunge wa Smethwick kwa siku moja tu. Matokeo ya uchaguzi mkuu wa Uingereza yalitangazwa tarehe 26 Julai 1945, na yeye, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa viwanda vya viatu, akawa mmoja wa wabunge wa Labour waliomng'oa Winston Churchill madarakani. Kesho yake akashika njia kwa gari. Karibu na mji wa Doncaster alimkwepa mtoto barabarani, akagongana na gari la jeshi, akafa. Hakuwahi kula kiapo. Bunge jipya lilipokutana, kiti cha Smethwick kilikuwa tayari kinatafutiwa mtu mwingine.

Mtu huyo aliyepatikana ndiye aliyekuja kulifanya jimbo hili lijulikane duniani, tena si kwa kushinda. Tutamfikia. Kwanza turudi nyuma kidogo, maana Smethwick ilikuwa na desturi ya kuwavuta watu wenye majina makubwa na kuwafanyia mambo wasiyoyatarajia.

Mji wenyewe umejibana ubavuni mwa Birmingham, kiasi kwamba mgeni hatambui Birmingham imeishia wapi na Smethwick imeanzia wapi. Ni mji wa jasho. Mwaka 1796 Matthew Boulton na James Watt walifungua hapo kiwanda chao cha kutengeneza injini za mvuke. Vioo vya lile jumba la maonyesho la London la mwaka 1851, jumba lililojengwa kwa chuma na kioo, vilitoka katika kiwanda cha ndugu wa Chance, hapohapo Smethwick. Baadaye vikaja viwanda vya skrubu, vya mizani, vya kusubu chuma na alumini kwa ajili ya magari. Mji wa namna hii ulipopewa jimbo lake mwaka 1918, kila mtu alijua ungekuwa ngome ya chama cha wafanyakazi. Jimbo hilo lilidumu miaka 56, likafutwa 1974.

Uchaguzi wake wa kwanza kabisa nusura uandike historia ya dunia. Desemba 1918 ilikuwa mara ya kwanza kwa wanawake wa Uingereza kupiga kura ya Bunge, ingawa ni wale tu waliotimiza miaka 30 na wenye sifa fulani za mali. Sheria ya kuwaruhusu kugombea ilikuwa imepitishwa wiki chache tu kabla. Wanawake 17 wakajitosa. Maarufu kuliko wote alikuwa Christabel Pankhurst, binti wa Emmeline Pankhurst na kamanda wa wale wanawake waliovunja madirisha, wakafungwa jela na kususa chakula wakidai kura. Alikuja Smethwick akiwa na chama chake cha wanawake na baraka za Waziri Mkuu Lloyd George, na mgombea wa Conservative akajitoa ili kumpisha. Mshindani wake alibaki mmoja: John Davison wa Labour, mtu wa chama cha wasubu chuma.

Mpigania haki za wanawake, aliyekuwa adui wa serikali miaka minne tu nyuma, sasa alikuwa mgombea wa serikali, akiwaambia wafanyakazi wa viwandani kuwa Labour ni mlango wa Wabolsheviki. Mama yake alikuja kumpigia debe. Kura zilipohesabiwa, baada ya kusubiri zile za askari waliokuwa ng'ambo, Davison alikuwa na 9,389 na Christabel 8,614. Tofauti ni 775. Laiti watu 388 tu wangebadili mawazo, Smethwick ingekuwa imempeleka Bungeni mwanamke wa kwanza kukaa kwenye kiti chake, kwa sababu mwanamke pekee aliyeshinda mwaka ule, Constance Markievicz wa Dublin, alikuwa gerezani na chama chake kilikataa kabisa kuingia Bunge la London. Sifa hiyo ikaenda kwa Nancy Astor mwaka uliofuata. Christabel aliachana na siasa, akawa mhubiri wa kurudi kwa Yesu, akafia California mwaka 1958.

Davison aliugua, akajiuzulu 1926. Uchaguzi mdogo ukaitishwa siku chache kabla ya Krismasi, na Labour ikamleta kijana wa miaka 30, tajiri, mtoto wa ukoo wa makabaila, mume wa binti wa Lord Curzon aliyewahi kuitawala India. Jina lake Oswald Mosley. Alikuwa ameingia Bungeni kwanza kwa tiketi ya Conservative, akaasi, akawa mbunge huru, kisha akavuka kwenda Labour. Mwaka 1924 alikuwa amemkosakosa Neville Chamberlain kule Birmingham kwa kura 77. Magazeti yalimcheka sana: msoshalisti gani huyu wa vito na magari ya fahari? Smethwick haikujali. Davison alikuwa ameshinda mara ya mwisho kwa kura elfu moja na ushei. Mosley alishinda kwa 6,582.

Miaka minne baadaye alikuwa amejiuzulu uwaziri kwa hasira, baada ya serikali ya Labour kukataa mpango wake wa kupambana na ukosefu wa ajira. Mwaka 1931 akaunda chama kipya kilichokufa mapema, na Oktoba 1932 akaanzisha chama cha mafashisti wa Uingereza, wale wa mashati meusi. Kwa hiyo mtu ambaye baadaye aliitwa Hitler wa Waingereza alibebwa mabegani na wasubu chuma wa Smethwick kama mkombozi wao. Wanahistoria wa Labour hawapendi kukisimulia kipindi hiki kwa urefu, na mimi nawaelewa.

Mwaka 1931 Labour ilisambaratika nchi nzima, na Roy Wise wa Conservative akakichukua kiti. Alikishikilia hadi 1945. Kisha Dobbs, kisha ajali, kisha uchaguzi mdogo wa tarehe 1 Oktoba 1945.

Aliyeshinda ni Patrick Gordon Walker, mwalimu wa historia wa Oxford. Baba yake alikuwa jaji katika utumishi wa Kiingereza India, na sehemu ya utoto wake ilipita Punjab. Wakati wa vita alitangaza kwa Kijerumani kupitia BBC, na mwaka 1945 aliingia kambi ya mateso ya Belsen mara tu ilipokombolewa, akaeleza redioni aliyoyaona. Alikuwa mtu mpole, mwenye kiko mdomoni, mtu wa mafaili zaidi ya majukwaa. Smethwick ilimpa kiti salama, naye akakitumia kupanda ngazi. Nyumba yake ilibaki London.

Mwaka 1950 alifanywa waziri wa mahusiano na nchi za Jumuiya ya Madola. Mezani kwake akakuta faili la Seretse Khama. Kijana huyu, mrithi wa uchifu wa Wabamangwato katika Bechuanaland, alikuwa amemwoa Ruth Williams, mwanamke Mzungu wa London. Makaburu wa Afrika Kusini, ambao ndio kwanza walikuwa wanaijenga serikali yao ya ubaguzi, walikasirika. Uingereza, iliyohitaji dhahabu na urani ya Afrika Kusini, ikaogopa. Gordon Walker ndiye aliyesimama Bungeni Machi 1950 kutangaza kuwa Khama hataruhusiwa kukaa nchini kwake kwa miaka isiyopungua mitano. Msomaji alishike jambo hili vizuri. Waziri aliyemfukuza chifu wa Kiafrika kwao kwa sababu ya ndoa na Mzungu ndiye aliyekuja kuangushwa Smethwick kwa madai ya kuwapenda mno watu weusi.

Baada ya vita, viwanda vya Smethwick vilikosa watu wa kufanya kazi za moto na vumbi. Waliokuja kuzifanya walitoka Punjab, wengi wao Masingasinga, na wengine Pakistan na visiwa vya Karibi. Wazungu walikuwa wanaondoka kwenye tanuru kwenda kwenye kazi safi zaidi; wageni wakashika koleo. Kufikia mwaka 1961 Masingasinga walikuwa wamenunua kanisa lililokuwa tupu katika barabara kuu ya mji, wakalifanya hekalu. Katika mji wa watu wasiofika 70,000, wageni walikuwa elfu chache. Lakini nyumba zilikuwa haba, foleni ya nyumba za halmashauri ndefu, na gazeti la mji lilichapisha wiki baada ya wiki barua za watu waliolalamikia harufu ya vitunguu, vyumba vilivyojaa watu, na thamani ya nyumba kushuka.

Ubaguzi haukufichwa. Baa za huko zilikuwa na vyumba viwili: upande wa kawaida wa wafanyakazi, na sebule yenye viti vya kitambaa ambako watu waliwapeleka wake zao. Mhindi aliruhusiwa kunywa upande wa kawaida, wakati mwingine katika glasi za peke yake. Akisogea sebuleni, hahudumiwi. Avtar Singh Jouhl, msubu chuma na kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa Kihindi, alibuni mbinu. Aliandamana na wanafunzi Wazungu wa Chuo Kikuu cha Birmingham. Hao walitangulia sebuleni, wakaagiza bia, wakapewa. Dakika chache baadaye Wahindi waliingia na kuagiza bia ileile, wakaambiwa hapana. Sasa kulikuwa na mashahidi, na ushahidi huo uliwasaidia kupinga leseni za baa hizo. Baa baada ya baa, usiku baada ya usiku.

Na klabu ya chama cha Labour ya Smethwick? Nayo haikuwapokea watu weusi. Hili ndilo ambalo wengi huliruka wanaposimulia kisa cha mwaka 1964, na bila hilo hesabu haitulii.

Mgombea wa Conservative alikuwa Peter Griffiths, mwalimu mkuu wa shule ya msingi, diwani, mzaliwa wa maeneo hayohayo. Mwaka 1959 alikuwa amegombea akashindwa. Tangu hapo hakuacha kazi ya mtaani. Alidai uhamiaji usimamishwe kabisa kwa miaka mitano. Wakati huohuo mitaani ulizuka wimbo mfupi wa vina uliowaambia wapiga kura, kwa tusi baya kabisa la Kiingereza kwa mtu mweusi, kuwa wakitaka mtu wa namna hiyo awe jirani yao, basi waichague Labour. Ulichorwa ukutani, ukaimbwa na watoto. Griffiths alisema hakuutunga, na hakuna aliyethibitisha kuwa aliutunga. Alipoulizwa na gazeti la *The Times* alisema hayo ni maoni ya wananchi, naye hatamlaani anayeyasema.

Gordon Walker alikuwa na rekodi ya kujitetea. Mwaka 1961 ndiye aliyeongoza mashambulizi ya Labour Bungeni dhidi ya muswada wa kwanza wa kuwazuia wahamiaji kutoka Jumuiya ya Madola. Lakini Smethwick hakuisimamia rekodi hiyo. Kipeperushi cha chama chake kiliwaomba wapiga kura wawe waungwana: wahamiaji wameingia kwa wingi chini ya serikali ya Conservative, kwa hiyo msiilaumu Labour. Soma tena hoja hiyo, utaona imeshakubali kuwa kuwapo kwa majirani hao ni kosa linalotafutiwa mkosaji. Uvumi ukavuma kuwa binti zake wameolewa na watu weusi. Naye akaendelea na ratiba yake ya mambo ya nje.

Tarehe 15 Oktoba 1964 Uingereza iliirudisha Labour madarakani baada ya miaka 13. Nchi nzima kura ziliegemea upande wake. Smethwick zikaenda kinyume: Griffiths 16,690, Gordon Walker 14,916. Waziri wa Mambo ya Nje mtarajiwa alitoka ukumbini akizomewa, wakimwuliza kwa tusi lilelile watu wake wako wapi sasa.

Sasa weka tarakimu hizo kando ya zile za 1959. Mwaka ule Gordon Walker alipata 20,670 na Griffiths 17,126. Yaani mshindi wa 1964, mtu aliyesemekana kuwa ameamsha tufani ya chuki, alipata kura pungufu kuliko alizopata aliposhindwa. Alipoteza 436. Mshindani wake alipoteza 5,754. Mliberali aliyeingia katikati aliondoka na kura zaidi ya 3,000, na idadi ya waliopiga kura ikashuka. Sisemi kwamba hakuna Mlabour aliyehamia kwa Griffiths. Bila shaka walikuwapo, na wapo Wakonsavativu waliomkimbia kwa aibu wakaenda kwa Mliberali. Karatasi ya kura haisemi imetoka wapi. Lakini picha ya mji mzima ulioinuka kumfuata mbaguzi haimo katika tarakimu hizi. Kilichomo ni chama kilichoachwa na watu wake mmoja mmoja, chama kilichodhani jimbo ni mali yake hata mbunge hakuhitaji kuishi humo wala klabu yake haikuhitaji kufungua mlango.

Harold Wilson, Waziri Mkuu mpya, alichagua kumshughulikia mshindi. Siku ya kufunguliwa kwa Bunge, mwanzoni mwa Novemba, alisema Griffiths atakaa humo kama mkoma hadi wapiga kura watakapomrudisha kusikojulikana. Wabunge kadhaa wa Conservative walitoka nje kwa hasira. Maneno yalikuwa makali, na yaliufanya upande wa Labour ujisikie msafi. Wilson alimpa Gordon Walker wizara hivyohivyo bila ubunge, kisha akamtafutia jimbo. Mzee Reginald Sorensen wa Leyton, mashariki mwa London, rafiki wa muda mrefu wa makoloni, alisukumwa kwenda Baraza la Malodi ili kumpisha. Watu wa Leyton hawakupenda mbunge wao kuhamishwa kama fanicha. Januari 1965 kura za Gordon Walker hazikutosha tena, safari hii kwa 205. Akajiuzulu uwaziri.

Wiki tatu baadaye, tarehe 12 Februari, alifika Smethwick mgeni aliyekuwa ameitembelea Afrika Mashariki. Malcolm X, mpigania haki za Wamarekani weusi, alikuwa Dar es Salaam Oktoba ileile ya uchaguzi, akizungumza na Mwalimu Nyerere. Sasa, kwa mwaliko wa Jouhl na wenzake, alikuja kuuona mtaa wa Marshall, ambako wakazi Wazungu walikuwa wameiomba halmashauri inunue nyumba zinazouzwa ili zisiangukie mikononi mwa weusi. Halmashauri ya Conservative ilikubali. Ni wizara ya nyumba huko London iliyokataa kuidhinisha mkopo. Malcolm alitembea mtaani na wapiga picha wa BBC, kisha wakaingia baa ya Blue Gates. Sebuleni hawakuhudumiwa. Wakahamia upande wa kawaida. Siku tisa baadaye alipigwa risasi New York. Leo mtaa wa Marshall una kibao cha kumkumbuka.

Mwaka uleule Labour ilipitisha sheria ya kwanza ya kupiga marufuku ubaguzi wa rangi katika maeneo ya umma, baa zikiwemo, na Agosti ya mwaka huohuo ikapunguza vibali vya kazi vya wahamiaji hadi 8,500 kwa mwaka. Richard Crossman, waziri wa nyumba, aliandika katika shajara yake kuwa tangu Smethwick ni dhahiri uhamiaji unaweza kuwapotezea kura nyingi kuliko jambo jingine lolote. Funzo hilo ndilo lililotumika Februari 1968, Wahindi wa Kenya wenye paspoti za Uingereza walipokuwa wakifurika kwenye ndege za kutoka Nairobi kwenda London. Serikali ya Wilson, yule aliyemwita mwenzake mkoma, iliipitisha kwa siku tatu sheria ya kuwafungia mlango raia wake yenyewe. Familia zilizokuwa zimeshauza maduka Mombasa na Kisumu zilijikuta na paspoti isiyofungua mlango wowote. Griffiths hakuwa hata Bungeni wakati huo.

Alikuwa ameondolewa Machi 1966. Aliyemwondoa alikuwa mwigizaji, sauti nzito, ndevu, maarufu kwa kuigiza nahodha wa chombo cha angani katika mchezo wa redio wa BBC. Andrew Faulds alizaliwa mwaka 1923 Isoko, Tanganyika, katika milima ya Ileje ya leo, mtoto wa wamisionari. Aliyemsukuma kuingia siasa ni Paul Robeson, Mmarekani mweusi aliyekuja Stratford mwaka 1959 kuigiza Othello. Faulds hakuomba radhi kwa wapiga kura. Alikuja Smethwick na hotuba za wazi dhidi ya ubaguzi, kwa sauti ya jukwaani, na wakati mwingine kwa lugha isiyofaa kuandikwa. Akapata 18,440, Griffiths 14,950. Kura nyingi za Labour zilizopotea mwaka 1964 zilirudi. Mwaka huo ulikuwa mzuri kwa Labour kila mahali, hivyo tusimpe sifa zote yeye. Lakini ile hoja iliyotolewa kila mara na wataalamu wa kampeni, kwamba katika mji kama ule ni lazima unong'one, ilipata jibu lake. Septemba mwaka uleule Seretse Khama akawa rais wa kwanza wa Botswana.

Mipaka ilipochorwa upya mwaka 1974, Smethwick ikamezwa na jimbo la Warley East, na Faulds akaenda nalo. Jina lilirudi kwenye karatasi za kura mwaka 2024, na mbunge aliyechaguliwa ni Gurinder Singh Josan wa Labour, Singasinga. Chama kimoja, mtu wa jamii nyingine. Ila anayelihesabu hilo kuwa mwisho mwema wa hadithi na asubiri uchaguzi ujao.

Griffiths naye hakurudi kusikojulikana kama Wilson alivyotabiri. Mwaka 1979, katika wimbi lililomleta Margaret Thatcher, alishinda Portsmouth North, pwani ya kusini, mbali na tanuru na Masingasinga. Kwa miaka 18 yeye na Faulds waliketi katika Bunge moja, kila mmoja upande wake, wakipita korido zilezile. Wote wawili walitoka mwaka 1997: Faulds kwa kustaafu, Griffiths kwa kushindwa na Labour.